Si Mwili Uliozoea Dawa: Jinsi Vijidudu vya Tumbo Vinavyopata Usugu



Kuna usemi unaosikika kila mahali, kwenye foleni ya zahanati, kwa duka la dawa na hata katika mikutano ya vikundi vyetu: "Hiyo dawa hainisaidii tena, mwili wangu umeshaizoea." Kwa kawaida mwenye kusema hivyo anataka apewe nyingine "yenye nguvu zaidi". Hebu tuutazame usemi huo kwa makini, maana nusu yake ni kweli na nusu si kweli, na ile nusu isiyo kweli ndiyo inayotutia hasara.

Ni kweli kwamba dawa inaweza kuacha kufanya kazi. Si kweli kwamba ni mwili umeizoea. Hapa tunazungumza juu ya dawa za kuua bakteria, ambazo wengi wetu tunaziita antibaiotiki: penisilini, amoksilini, tetrasaiklini na nyingine nyingi za jamii hiyo. Kazi yao si kuupa mwili nguvu. Kazi yao ni kuua vijidudu vilivyo ndani ya mwili, au kuvizuia visizaane. Basi dawa ikishindwa, kilichobadilika ni vijidudu. Mwili wako ni ule ule.

Labda neno lenyewe tunalotumia linachangia kutupoteza. Sugu ni ile ngozi ngumu inayoota kiganjani kwa kushika jembe. Mkono ulikuwa laini, ukasuguliwa, ukawa mgumu polepole. Kwa hiyo mtu anafikiri kijidudu nacho kinasuguliwa na dawa mpaka kinakuwa kigumu. Sivyo. Kijidudu dhaifu kikikutana na dawa hakijifunzi chochote, kinakufa. Wanaobaki ni wale wachache waliokuwa wagumu tangu mwanzo, na hao ndio wanaozaa. Wafugaji wanaolijua josho wanaelewa jambo hili bila shida. Dawa ile ile ya kupe inatumiwa miaka na miaka, na siku moja mnaona ng'ombe ametoka joshoni na kupe wake wangali wanatembea. Hakuna mtu atakayesema ni ng'ombe amezoea.

Wakaaji wa tumboni

Watu wengi wakisikia bakteria wanafikiri ugonjwa tu. Lakini kila mmoja wetu, hata yule mzima kabisa, amebeba bakteria wengi kuliko hesabu yoyote tunayoweza kuifanya kwa kalamu. Makadirio ya wanasayansi yaliyotolewa mwaka wa 2016 ni kwamba mtu mzima ana kama bakteria trilioni 38, na karibu wote wanakaa katika utumbo mpana. Wengi wao hawana ubaya. Wanasaidia kuvunja vyakula ambavyo tumbo letu peke yake haliwezi, wanatengeneza vitamini K, na pia wanakaa mahali ambapo wabaya wangependa kukaa. Shamba lililojaa mazao halina nafasi kubwa ya magugu.

Mmoja wa wakaaji hao anaitwa E. coli. Daktari Theodor Escherich alimweleza mwaka wa 1885 baada ya kuchunguza kinyesi cha watoto wachanga, na jina lake limetoka kwake. Kwa hesabu E. coli ni wachache tumboni, hawafikii hata asilimia moja ya wote. Aina nyingi za E. coli hukaa kwa amani maisha yote ya mtu. Aina chache huleta tumbo la kuendesha. Na hata zile za amani zikitoka mahali pake, zikaingia katika kibofu cha mkojo au katika damu, huleta ugonjwa mkali. Mshikeni huyu E. coli akilini, kwa sababu habari yote inayofuata inamhusu. (Wenye vikundi vya kuku wasirukie mbele. Kuku wanakuja.)

Tembe inapopita

Mtu ana mafua. Anaumwa kichwa, makamasi yanatoka, koo linawasha. Anaenda kwa duka la dawa, ananunua kapsuli sita za amoksilini, kwa sababu pesa za kapsuli zote hazikutosha. Mafua huletwa na virusi, na antibaiotiki haiui virusi hata kimoja. Siku ya tatu au ya nne anapona, kama ambavyo angepona bila dawa, na anaisifu ile dawa.

Lakini je, ile dawa haikufanya kazi yoyote? Ilifanya. Ilipita tumboni. Huko ilikutana na matrilioni ya wale wakaaji ambao hawakumkosea mtu, ikaanza kuwaua. Waliokufa ni wale dhaifu. Katikati yao walikuwako wachache wenye njia ya kujikinga, na sasa hao wana nafasi na chakula ambacho zamani waligombania na wengine.

Njia zao za kujikinga ni za ajabu kidogo. Baadhi ya bakteria wanatengeneza kimeng'enya kinachofanya kazi kama mkasi, kinaikata penisilini au amoksilini kabla haijawadhuru. Wengine wana kitu kama pampu: tetrasaiklini ikiingia wanaipiga nje, ikiingia wanaipiga nje. Wengine wanabadilisha ile sehemu ya mwili wao ambayo dawa huishika, kama mtu aliyebadilisha kufuli baada ya kujua kwamba mwizi ana ufunguo.

Na msidhani kwamba mikasi hiyo ililetwa na dawa. Mwaka wa 1940, Edward Abraham na Ernst Chain huko Oxford, Uingereza, walikuta kimeng'enya kinachoharibu penisilini ndani ya huyu huyu E. coli. Wakati huo penisilini ilikuwa bado haijaanza kutumiwa kutibu watu hospitalini. Mkasi ulikuwako kabla ya kitambaa kufika. Dawa ilipokuja kwa wingi, ilichofanya ni kuwachagua wenye mkasi, kama mama anavyochagua mahindi ya mbegu kwenye uchaga. Tofauti ni kwamba sisi tunachagua bila kujua, na tunachagua mbegu mbaya.

Sasa fikirini jinsi wanavyozaana. Katika maabara, penye chakula na joto la kutosha, E. coli mmoja hugawanyika kuwa wawili kila dakika 20. Baada ya saa moja wako 8. Baada ya saa 10 wamepita bilioni moja. Tumboni hawaendi kasi namna hiyo kwa sababu ya msongamano, lakini siku chache zinatosha kabisa kwa wachache kuwa wengi. Yule mtu wa mafua amepona, anarudi shambani, na hajui kwamba amebeba ghala la vijidudu sugu. Haumwi. Hana dalili. Kama hakuna jambo lingine, ghala hilo litapungua polepole kadiri wale wa kawaida wanavyorudi. Shida ni kwamba mara nyingi kuna jambo lingine.

Wanaazimana

Mpaka hapa tumesema juu ya kurithi, yaani mzazi sugu anazaa mtoto sugu. Lakini mkulima anaweza kupata mbegu kwa njia mbili. Anaweza kuirithi kwa mama yake, au anaweza kuiomba kwa jirani juu ya ua. Bakteria nao wana njia zote mbili, na hii ya pili iliwashangaza hata wataalamu.

Habari hiyo ilijulikana huko Japani. Baada ya Vita Kuu ya Pili ugonjwa wa kuhara damu ulikuwa mwingi katika nchi hiyo. Ugonjwa huo huletwa na bakteria anayeitwa Shigela, na tena jina ni la Mjapani, Kiyoshi Shiga, aliyemgundua mwaka wa 1897. Madaktari walitumia dawa za salfa, na mwanzoni zilisaidia sana. Haikupita miaka mingi kabla Shigela wengi hawajawa sugu kwa salfa. Basi wakahamia dawa mpya za wakati huo: streptomaisini, kloramfenikoli, tetrasaiklini. Mwaka wa 1955 alipatikana mgonjwa mmoja, mama aliyekuwa ametoka Hong Kong, ambaye Shigela wake walikuwa sugu kwa dawa zote nne kwa pamoja.

Hilo lilikuwa fumbo. Kama usugu unakuja kwa bahati, mmoja kati ya mamilioni, basi usugu wa dawa nne kwa mara moja ungekuwa jambo la nadra mno. Lakini baada ya hapo wagonjwa wa namna hiyo walizidi kuongezeka. Ndipo madaktari wakaona jambo lingine: katika choo cha mgonjwa mmoja, Shigela walikuwa sugu kwa dawa nne, na E. coli wake, wale wakaaji wa kawaida wasio na neno, walikuwa sugu kwa dawa zile zile nne. Mwaka wa 1959 watafiti wa Japani, miongoni mwao Tomoichiro Akiba na Kunitaro Ochiai, walionyesha kwamba ukichanganya E. coli sugu na Shigela asiye sugu katika chombo kimoja, yule Shigela anatoka akiwa sugu. Amepewa.

Kinachopeanwa leo tunakijua. Ni kipande kidogo cha mviringo kinachoitwa plasmidi, chenye maagizo ya kutengeneza mkasi au pampu. Bakteria wawili wanakaribiana, wanaunganishwa na kitu kama daraja jembamba, na nakala ya kile kipande inavuka. Aliyetoa habaki mtupu, kwa sababu alichotoa ni nakala. Si lazima wawe ndugu, E. coli anaweza kumpa Shigela, au Salmonela, au Klebsiela.

Na kuna jambo moja hapa ambalo naona ndilo zito kuliko yote katika makala hii. Plasmidi moja inaweza kubeba usugu wa dawa tatu, nne au zaidi, zote katika kifurushi kimoja. Kwa hiyo mtu akinywa tetrasaiklini, anawachagua wenye kifurushi, na pamoja na usugu wa tetrasaiklini anakuza usugu wa dawa ambazo hajawahi kuzionja maishani mwake. Ndiyo sababu yule anayesema, "Mimi sinywi dawa ovyo, nakunywa hii moja tu," hana kinga kubwa kama anavyofikiri.

Wale bakteria wa amani, basi, ndio benki. Mgeni mbaya akiingia tumboni kwa maji machafu, anakuta majirani walio tayari kumwazima silaha.

Shamba la kuku huko Marekani

Sasa tuje kwa kuku. Kuanzia miaka ya 1950 wafugaji wa Marekani na Ulaya walikuwa wakitia antibaiotiki kidogo kidogo katika chakula cha kuku na nguruwe. Si kwa ugonjwa. Ni kwa sababu wanyama walikua haraka zaidi. Watu walibishana sana kama desturi hiyo inaweza kumdhuru binadamu. Daktari Stuart Levy wa chuo kikuu cha Tufts huko Boston aliamua kuacha maneno na kupima.

Alitafuta shamba dogo katika jimbo la Massachusetts, lenye familia inayoishi pale pale. Wakaletwa vifaranga. Kundi moja lilipewa chakula cha kawaida, na kundi lingine chakula chenye tetrasaiklini kidogo. Kabla ya kuanza, kinyesi cha kuku, choo cha watu wa shamba na cha majirani vyote vilipimwa, na vikaendelea kupimwa kila juma. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1976.

Kwa kuku haikuchukua muda. Juma moja tu baada ya kuanza kile chakula, karibu bakteria wote waliopimwa matumboni mwao walikuwa sugu kwa tetrasaiklini. Baadaye wakaonekana wenye usugu wa dawa nyingine pia, dawa ambazo hazikuwamo katika chakula. Hicho ni kile kifurushi tulichosema.

Kwa watu ilikwenda polepole zaidi, lakini ilikwenda. Watu hawa hawakula chakula cha kuku. Walilisha, walifagia, waliokota. Ilipofika mwezi wa tano hadi wa sita, katika asilimia 31.3 ya vipimo vya kila juma vya watu wa shamba lile, zaidi ya asilimia 80 ya bakteria waliopimwa walikuwa sugu kwa tetrasaiklini. Kwa majirani, vipimo vya namna hiyo vilikuwa asilimia 6.8 tu. Dawa haikuingia katika vinywa vyao. Kilichoingia ni vijidudu vyenyewe, kwa mikono, kwa viatu, kwa vumbi la banda.

Mwisho wa utafiti ule una neno la kutia moyo. Kile chakula chenye dawa kiliondolewa shambani. Miezi sita baadaye watu kumi walipimwa, na kwa wanane hao vijidudu sugu havikuonekana tena. Ghala linaweza kupungua likiachwa kulishwa. Lakini tusijidanganye kwamba hupungua kila mahali na kwa kila mtu kwa kasi hiyo. Pale ambapo dawa zinamwagwa kila siku na maji ni machafu, anayepoteza vijidudu sugu leo anaokota vingine kesho.

Ulaya ilichukua muda mrefu kusikia. Nchi za Umoja wa Ulaya zilipiga marufuku antibaiotiki za kunenepesha mifugo tangu mwaka wa 2006. Marekani iliacha kutumia kwa kunenepesha zile dawa zinazohitajika kwa watu mwaka wa 2017. China nayo, mwaka wa 2015, ilikuta katika E. coli wa nguruwe plasmidi yenye usugu wa kolistini, dawa ambayo madaktari huiweka akiba kwa mgonjwa aliyeshindikana na nyingine zote. Mwaka wa 2017 wakaiondoa kolistini katika vyakula vya kunenepesha mifugo, na vipimo vilivyofuata vilionyesha usugu ule umepungua sana, kwa nguruwe na kwa watu.

Hasara ni ya nani

Mtu anaweza kuuliza, kama vijidudu hivi vinakaa tumboni kwa amani, tunaogopa nini? Tunaogopa siku vitakapotoka. Kwa akina mama njia kutoka tumboni mpaka kibofu ni fupi, na E. coli ndiye mwanzilishi mkubwa wa ugonjwa wa njia ya mkojo. Mama mjamzito akiupata na tembe za kawaida zisimsaidie, unaweza kupanda mpaka kwenye figo, na mtoto akazaliwa kabla ya wakati. Mtoto mchanga naye huokota vijidudu vyake vya kwanza kwa mama yake na kwa mikono inayomshika. Vikiingia katika damu yake, daktari ana saa chache tu. Akichoma sindano ya kwanza ikawa haifanyi kazi, mpaka ijulikane hivyo muda umekwisha.

Sindano ambayo hospitali nyingi huitegemea kwa hali kama hizo ni seftriaksoni au dada zake. Kuna E. coli na Klebsiela wenye mkasi wa kuikata hiyo pia. Kwao hubaki dawa za bei kubwa, ambazo zahanati ya kijijini haina, na familia inauza mbuzi, halafu ng'ombe. Makadirio ya dunia nzima kwa mwaka wa 2019 yalikuwa kwamba watu milioni 1.27 walikufa kwa sababu bakteria walikuwa sugu kwa dawa, na katika orodha ya bakteria waliohusika, E. coli alikuwa wa kwanza. Mzigo mzito zaidi ulikuwa huku kwetu, Afrika kusini mwa Sahara.

Mnisamehe nikisema wazi: anayekunywa kapsuli za mafua leo na mtoto atakayekosa dawa mwakani si lazima wawe wa nyumba moja. Vijidudu havijui ua.

Tufanye nini vikundini

Nianze na kuku, kwa maana huko ndiko vikundi vina uwezo wa kubadilisha jambo mara moja. Tabia ya kutia unga wa tetrasaiklini katika maji ya kuku "kwa kuzuia tu" iachwe. Haizuii, inachagua. Kuku wengi tunaowapoteza huuawa na Newcastle, ambayo wengine huiita kideri, au Gumboro. Zote mbili ni virusi, na hata ukiwapa kuku gunia zima la antibaiotiki hawatapona. Dawa yake ni chanjo, kwa wakati wake, na chanjo ya Newcastle ni rahisi kuliko pakiti za unga mkihesabu kwa mwaka. Kuku wakiugua kweli, mwiteni bwana mifugo aseme ni ugonjwa gani. Akiwapa antibaiotiki, someni kwenye pakiti ni siku ngapi mayai na nyama visiliwe wala kuuzwa, na mziheshimu siku hizo hata kama mteja yuko mlangoni na pesa mkononi. Anayefagia banda awe na viatu vya banda, aviache hapo hapo, na anawe mikono kwa sabuni kabla hajashika mtoto au sufuria.

Mbolea ya kuku ni mali, hatusemi mwitupe. Lakini ikitoka bandani mbichi ikaenda moja kwa moja kwenye sukuma wiki, inapeleka vijidudu mezani. Ifanyeni lundo pamoja na majani, ipate joto, igeuzwe mara kadhaa, ikae mpaka ipoe na kuwa kama udongo. Joto la lundo linaua wengi, ingawa si wote. Kwa hiyo mboga za kuliwa mbichi zioshwe vizuri.

Kuhusu watoto wanaoendesha: wengi wao wana virusi, na hawahitaji antibaiotiki. Wanahitaji maji yasiishe mwilini. Pakiti ya ORS ichanganywe na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa juu yake, mtoto apewe kidogo kidogo, aendelee kunyonya na kula, na apewe tembe za zinki kwa siku 10 hadi 14 kama mhudumu wa afya atakavyoelekeza. Chanjo ya rotavirusi imekuwa ikitolewa kliniki zetu tangu mwaka wa 2014. Mama asikose tarehe zake. Lakini choo kikiwa na damu, au mtoto akiwa mlegevu, macho yameingia ndani, hawezi kunywa, hapo si wakati wa kusoma gazeti. Apelekwe zahanati. Kuhara damu kunaweza kuhitaji antibaiotiki, na hapo ndipo tunapotaka dawa iwe bado inafanya kazi.

Je, kumaliza dozi? Kwa miaka mingi tumefundisha kwamba ukiacha katikati unaleta usugu. Siku hizi wataalamu wanasema jambo hili lina pande mbili. Kwa ugonjwa kama kifua kikuu, kuacha katikati ni hatari kubwa, wala hakuna mjadala. Lakini kwa vijidudu vya tumboni, kila siku dawa inapopita ni siku nyingine ya kuwachagua wagumu, kwa hiyo kunywa siku nyingi kupita zinazohitajika nako hakufai. Wanasayansi wanaendelea kupima ni siku ngapi zinatosha kwa ugonjwa upi, na kwa baadhi zimepunguzwa. Kwetu sisi maana yake ni hii: fuata siku ulizoandikiwa na daktari au nesi, usipunguze kwa kichwa chako, usiongeze, na kama una swali rudi ukamwulize. Kapsuli sita za kununua bila kupimwa hazimo katika mjadala huo hata kidogo. Kwa sheria ya Kenya dawa hizi huuzwa kwa cheti cha daktari, ingawa sote tunajua mambo yalivyo.

Ukipewa dawa zahanati, kuna maswali mawili ambayo hayamkasirishi mhudumu mwema: "Je, hii ni antibaiotiki?" na "Ugonjwa wangu unaihitaji?" Ukiambiwa huihitaji, usione umefukuzwa mikono mitupu. Na zile tembe zilizobaki kwenye kikopo juu ya kabati, zisigawanywe kwa jirani, zisitupwe chooni wala mtoni. Zirudishwe kwa duka la dawa au zahanati.

Kikundi kikitaka kuitisha mkutano juu ya jambo hili, tunashauri bwana mifugo na nesi waalikwe siku moja, wala si siku mbili tofauti. Maswali ya kuku yatakuwa yameingia katika maswali ya watoto kabla chai haijaletwa.